Ufa Kwenye Bamba la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha kwanza cha Kamati ya Ukuta wa Mashujaa. Nimechaguliwa Katibu. Kura zote! Hakuna aliyepinga, hakuna mwingine aliyejitokeza. Hapo hapo machale yakanicheza. Kazi nzuri kiasi hiki, kwa nini hakuna aliyeitaka?

Kazi yenyewe ni hii. Tunajenga ukuta kwenye kiwanja kilicho pembeni mwa zahanati, na juu yake mabamba saba ya saruji, moja kwa kila mtu wa mtaa wetu aliyewahi kutunukiwa Nishani ya Ushujaa. Sote ni wa kujitolea. Mimi ni karani mstaafu wa idara ya maji, nina mwandiko. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mtaa, kwa hiyo hakuna anayethubutu kubishana naye, maana kila mtu anaogopa kusimuliwa alivyozaliwa. Fundi ni mwashi, mtu wa hamsini na kitu, mikono mikubwa, maneno machache. Wa nne ni Zimamoto, mstaafu wa kikosi cha kuzima moto, mwenye nishani yake mwenyewe. Aliingia kwenye tangi la mafuta akawatoa vibarua wawili waliozirai. Huyu ndiye wa kumwangalia.

Lengo langu ni moja tu: katikati. Mama mkwe wangu, anayeishi kwetu, ni mmoja wa wale saba. Bamba lake likiwa katikati, basi na mimi ninayemtunza niko katikati. Nikaulizia nafasi, kama mtu asiye na haja. Mwenyekiti akamgeukia Zimamoto, akamuuliza yeye angependa akae wapi. Akajibu popote ni sawa. Popote! Nimekaa ofisini miaka yote ile, sijawahi kumwona mtu akasema popote ni sawa bila kuwa na mahali anapopataka. Anataka katikati.

Nyumbani nikampasha Mama habari. Nilidhani ataruka kwa furaha, kadiri magoti yatakavyomruhusu. Aliuliza swali moja tu: mlinzi yumo? Nikamweleza kwa upole kwamba mlinzi hana nishani, na asiye na nishani hana bamba. Akasema basi siku ya uzinduzi nisimwekee kiti. Akaendelea kuchambua maharage.

Niandike hapa kwa faida ya wajukuu. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana. Bweni likashika moto, mlango ukawa haupitiki. Mama alikuwa ndani, mlinzi alikuwa nje. Mlinzi akang'oa nondo za dirisha kwa mikono mitupu, nondo zenyewe zikiwa za moto, na Mama akampitishia watoto mmoja mmoja mpaka wakaisha. Mama alitoka na kovu la shingoni. Mlinzi alifia hospitali. Nishani ilitoka moja, akapewa yule aliyeweza kusimama kuipokea. Mjane wa mlinzi bado yupo, macho yamemwishia karibu yote. Ndiye mama yake Fundi.

Inasikitisha, sikatai. Lakini kanuni ni kanuni, na aliyeziandika ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimewachezea wote! Nimepitisha kanuni mpya: maneno ya kwenye bamba yataamuliwa na mwenye nishani mwenyewe, au na familia yake kama yeye hayupo. Wakadhani nawahurumia wafiwa. Mwenyekiti alisema leo nimeonyesha utu. Zimamoto akatikisa kichwa kukubali. Fundi akaninyooshea mkono kabisa. Wamekubali upesi mno. Hilo nimeliweka akilini.

Hesabu yangu ni nyepesi. Mama yupo, najua, lakini mambo yote ya karatasi huniachia mimi. Kwa hiyo mwamuzi ni mimi. Nimekwisha kuyatunga maneno. Yanasema hivi: Hapa anakumbukwa shujaa, mpishi hodari, mama mkwe mpenzi wa Katibu wa Kamati, anayeishi nyumbani kwa Katibu huyo, katika chumba chenye madirisha mawili, na ambaye Katibu hajawahi kumnyima kitu.

Mke wangu akasoma. Akauliza moto uko wapi. Nikamwambia moto kila mtu anaujua, chumba chenye madirisha mawili hakuna anayekijua. Akanirudishia karatasi.

Nikampelekea Fundi. Naye akasoma, polepole, akaikunja, akasema itabidi amuulize mwenyewe kwanza. Amuulize nini? Kanuni imeandikwa leo tu, tayari kuna watu wanataka kuifuata!

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kutoka sokoni mapema kuliko nilivyoaga. Makusudi. Barazani nikakuta vikombe viwili vya chai. Kimoja cha Mama. Cha pili kina alama za vidole vya saruji. Sakafuni nyayo nyeupe, kubwa, zimeingia na zimetoka. Mama ametulia kama hakuna lililotokea. Nikamuuliza kama kulikuwa na mgeni. Akasema Fundi alipita kunisalimia, akanikosa, akamsalimia yeye. Salamu! Na futi kamba ameisahau juu ya kiti. Tangu lini salamu zikapimwa kwa futi kamba?

Nimejifungia chumbani kupanga mawazo. Dhana ya kwanza: Fundi ametumwa na Zimamoto amlainishe Mama akubali kuwekwa pembeni. Dhana ya pili: Fundi anamposa Mama. Mama ana miaka sabini na ushei, lakini siku hizi dunia imegeuka, na Mama anapokea pensheni. Nilipomweleza mke wangu dhana ya pili alicheka mpaka ikabidi atue sufuria chini. Kisha akaenda kumsimulia mama yake. Nikasikia wanacheka wote wawili, mlango umefungwa. Sijapenda.

Jumapili, 9 Machi

Mtego. Stoo yetu imepakana na baraza, na kati yake kuna ukuta wa mbao tu. Nikaaga naenda kumwona mgonjwa, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia stoo kupitia jikoni, nikajibanza nyuma ya magunia ya mkaa. Haukupita muda, Fundi huyo! Moyo ulinidunda kwa furaha. Hakuna raha kama kumshuku mtu halafu akaja mwenyewe na miguu yake.

Tatizo, mke wangu alipita, akaona mlango wa stoo uko wazi, akaufunga na kupiga komeo kwa nje. Ningepiga kelele vipi?

Nilisikia vipandevipande. Mama alisema herufi ziwe kubwa. Ziwe za kina, kidole kiingie. Fundi akasema zikiwa za kina hivyo, yale maneno ya Katibu hayatapata pa kukaa. Mama akasema ndiyo. Hakusita hata kidogo! Halafu Fundi akazungumza kwa sauti ya chini, habari za mama yake, kwamba kila asubuhi anauliza kama limeshaandikwa, na kwamba anaogopa macho yataisha kabisa, au yeye mwenyewe ataisha. Mama akamwambia amtulize, kama macho hayapo mikono ipo. Mambo ya wazee hayo. Mimi akili yangu ilibaki kwenye maneno yangu yaliyokosa pa kukaa.

Mkaa ukanipanda puani. Nikapiga chafya. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba panya wa nyumba hii siku hizi wana mafua. Fundi akaaga akaondoka.

Nilifunguliwa jioni, mke wangu alipokuja kuchukua mkaa. Alinikuta nimekaa juu ya gunia, mweusi toka utosini mpaka kwenye soksi. Hakushtuka. Akanipisha nipite, akachota mkaa wake.

Jumanne, 11 Machi

Fundi amemimina mabamba yote saba. Ameyamimina hapo hapo kiwanjani, na kuyaandika kwa ncha ya mwiko saruji ilipoanza kushika. Nilikwenda nikachungulie, Mwenyekiti akanipa ndoo. Nilipomaliza kuteka maji ya pipa zima, mabamba yalikuwa yameshafunikwa magunia yaliyoloweshwa, yamelala sambamba kama wagonjwa wodini. Nani alimwambia Mwenyekiti anipe ndoo?

Fundi akatutolea somo. Saruji changa lazima ikauke polepole. Magunia yasitoke kwa wiki nzima, na yamwagiliwe asubuhi, mchana na jioni. Bamba likiachwa wazi juani, litapasuka tu. Alilirudia hilo mara ya pili, na mara ya pili alikuwa ananitazama mimi. Kwa nini mimi?

Nikaomba kuliona la Mama, kidogo tu, kwa cheo changu. Akakataa kwa heshima zote, akaniita mzee wangu. Nimeona.

Fundi mchana yuko kwenye kazi nyingine ya watu, kwa hiyo tumepangiana zamu za kumwagilia. Asubuhi Mwenyekiti. Jioni mimi. Mchana, jua la utosi, akajitolea Zimamoto! Mtu mwenye akili zake, bila shida yoyote, anaomba zamu ya saa sita mchana? Huyu ana lake jambo kwenye yale magunia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia. Nimeona. Lazima niandike.

Nilimsubiri Zimamoto dukani ng'ambo ya barabara. Akaja na kofia yake ya majani, akamwagilia bamba moja baada ya jingine, hana haraka, kama mtu anayenywesha miche. Akapangusa mikono, akaondoka. Nikaingia kupitia upande wa pipa.

La kwanza silo. La pili silo. La tatu ni la Zimamoto. Jina lake na mwaka, basi. Hakuna tangi, hakuna vibarua, hakuna hata neno shujaa! Ujanja wa hali ya juu: anataka watu waulize. Nikalifunika vizuri. La mwisho ndilo la Mama. Nikalivua gunia lake lote, nikalikunja, nikapiga magoti juu yake ili nisichafue suruali, nikasoma.

Jina la Mama. Chini yake jina la mlinzi. Herufi sawasawa, ukubwa sawasawa, kina sawasawa. Basi! Hakuna Katibu. Hakuna mkwe. Hata chumba hakuna!

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilisoma tena, labda nimeruka mstari. Niliingiza kidole kwenye herufi za mlinzi na kweli kiliingia chote. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale pale nikitafakari usaliti huu, mtu akakohoa nyuma ya uzio. Nikaruka ukuta wa upande wa pili. Suruali ikabaki nusu juu ya ukuta, nusu kwangu. Nikiwa njiani nikakumbuka kwamba anayekohoa karibu na zahanati mara nyingi ni mgonjwa.

Je, nililifunika la Mama? Nadhani nililifunika. Karibu nina hakika.

Zamu ya jioni ilikuwa yangu. Sikwenda. Goti limevimba.

Ijumaa, 14 Machi

Limepasuka.

Mwenyekiti alikwenda kumwagilia asubuhi akakuta bamba la mwisho liko wazi na gunia lake limekunjwa pembeni, limekauka kau. Ufa umelipita bamba kutoka upande mmoja mpaka wa pili, katikati ya majina mawili. Tukaitwa wote. Fundi alilisogelea. Alikaa chini kwenye mchanga, akaweka kiganja juu ya bamba, akakiacha pale. Mimi nilijifanya kushtuka kuona jina la mlinzi. Nadhani nilishtuka vizuri.

Mwenyekiti akauliza nani aligusa mwisho. Zimamoto akasema yeye alimwagilia mchana, na kwa anavyokumbuka alifunika yote. Macho ya Mwenyekiti yakaanza kuja upande wangu. Ilibidi nifanye haraka. Nikasimama nikaeleza. Nani alijitolea zamu ya mchana? Nani anataka katikati tangu siku ya kwanza? Nani bamba lake halina hata ufa wa unywele? Na jioni nilipokuja mimi, nikasema, giza lilikuwa limeshaingia, nikamwagilia bila kukagua moja moja, kwa hiyo aliyeliacha wazi ni wa mchana. Hapo pa jioni palikuwa na upungufu wa ukweli. Lakini hoja zilipangika! Nilipomaliza hakuna mtu pale aliyekuwa na swali.

Zimamoto akanitazama muda mrefu. Kisha akamtazama Fundi aliyekaa mchangani. Kisha akasema huenda ni kweli, huenda alisahau gunia moja, uzee huu. Akamwomba Fundi radhi.

Amekubali! Kosa ambalo hakulifanya! Nimekaa chakula kizima nikilichambua hili na sijapata jibu. Mimi ningekataa mpaka mahakamani.

Mama hakula leo. Mke wangu anasema alipoambiwa alikwenda chumbani akalia. Mimi sikumwona akilia. Niliona mlango tu.

Jumamosi, 15 Machi

Kikao cha dharura. Uzinduzi ni Jumamosi ijayo, mgeni rasmi ameshakubali, na bamba jipya haliwezi kukomaa kabla ya siku hiyo. Kusogeza mbele Fundi hataki, kwa ajili ya mama yake. Hali yake si nzuri, anasema, wiki moja kwake ni ndefu.

Nikaona mlango umefunguka. Kwanza nikakumbusha kwa sauti ya huzuni kwamba mlinzi hana nishani na jina lake halikupaswa kuwapo. Kisha nikapendekeza: bamba likatwe kwenye ufa. Kipande cha juu, chenye jina la Mama, kiwekwe ukutani. Kipande cha chini kitolewe, na ile nafasi itakayobaki wazi ijazwe maneno machache ya familia, ambayo kwa bahati ninayo mfukoni.

Fundi akainuka akatoka nje. Hakubamiza mlango, aliurudishia tu. Nikahisi kitu kimenibana kifuani. Itakuwa maharage.

Mwenyekiti akafungua kumbukumbu za kikao cha tarehe tano, mwandiko wangu mwenyewe, akasoma ile kanuni. Maneno ya kwenye bamba yataamuliwa na mwenye nishani mwenyewe. Akauliza kama Katibu ana la kuongeza. Katibu akaisukuma karatasi yake chini zaidi mfukoni.

Na hapo akaingia Mama! Kwa miguu yake, na fimbo, kutoka nyumbani mpaka zahanati. Aliambiwa na nani kwamba tuna kikao? Akakataa kiti. Akasema amesikia kuna watu wanataka kumkata katikati. Akasema bamba ni lake kwa mujibu wa sheria ya mkwe wake, na litapanda ukutani hivyo hivyo lilivyo na ufa wake, au jina lake lisipande kabisa.

Kisha akasimulia kitu ambacho sijawahi kukisikia, na huyu mtu nakaa naye nyumba moja. Siku ile ya moto hakuuona uso wa mlinzi hata mara moja. Moshi ulikuwa mzito. Aliona mikono tu, inaingia dirishani mitupu na kutoka na mtoto, inaingia tena. Hawakusemezana. Mtoto wa mwisho alipopita, mikono ikarudi mara moja zaidi, ikamvuta na yeye. Na mikono hiyo alipoishika aliisikia jinsi ilivyokuwa. Akasema anayeitwa shujaa peke yake kwa kazi ya watu wawili hupata aibu kila anapoitwa, na yeye ameibeba aibu hiyo toka siku aliyovishwa nishani, na amechoka.

Mwenyekiti akapenga kamasi. Zimamoto akasema bamba hilo ndilo liwe katikati. Zimamoto! Ameitoa katikati yake kwa mdomo wake! Wote wakakubali.

Nimepata nilichokuwa nakitaka tangu siku ya kwanza, na sijawahi kuwa na mashaka kama leo.

Jumatano, 19 Machi

Mabamba yamepanda. Nimepangiwa kubeba maji ya zege siku nzima. Nilimuuliza Mwenyekiti kama hiyo ni adhabu, akauliza adhabu ya nini. Nikasema hapana, nauliza tu. Akanitazama. Nikabeba ndoo mbilimbili ili asiendelee kutazama.

Fundi ameujaza ule ufa kwa saruji nyeupe, kwa kidole, taratibu. Hajaufuta wala hajauficha. Unaonekana toka barabarani. Zimamoto alikuwa anamshikia kopo. Wanaelewana sana hawa kwa watu ambao mmoja wao anadhaniwa kuharibu kazi ya mwenzake.

Jumamosi, 22 Machi

Uzinduzi. Andika yote, usiache kitu.

Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi za zahanati. Mgeni rasmi akakata utepe, akatoa hotuba kwa ajili ya mtu aliyekuwa anampiga picha. Kisha Fundi akaja na mama yake. Kizee kidogo, chepesi, amemshika mkono utadhani anamvusha barabara. Akamfikisha mbele ya bamba la katikati, Mama akiwa amesimama pale pale pembeni yake.

Mjane akaweka vidole juu ya bamba. Akaanza na jina la Mama, herufi kwa herufi, midomo inatembea. Akashuka. Akafika kwenye ufa, vidole vikasimama. Akauliza hiki ni nini. Nikatamani ardhi inimeze. Mama akamshika kiganja, akakipitisha kwenye ufa wote, mwanzo mpaka mwisho, akamwambia hapa ndipo lilipokuwa dirisha. Huku juu nilikuwa mimi. Teremka kidogo.

Akateremka. Akalipata jina la mumewe. Kidole kiliingia chote kwenye herufi ya kwanza, akakiacha humo. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayejibu hodi, kwamba kumbe uko hapa. Hata mpiga picha aliteremsha kamera. Fundi aligeukia ukuta akawa anakagua pembe ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nami niliona vumbi la saruji limeniingia machoni, yote mawili.

Ingeishia hapo ingekuwa salama. Lakini mgeni rasmi akasema katika ziara zake zote hajaona kitu kilichomgusa kama ule ufa, akauliza ni wazo la nani. Na watu wote, kiwanja kizima, wakamgeukia nani? Zimamoto! Kwa sababu mimi mwenyewe nilithibitisha kwamba ni yeye! Mwenyekiti akaeleza kwamba yalikuwa makosa ya mzee mmoja, na angalieni yalivyogeuka baraka. Makofi. Zimamoto akapunga mikono kukataa. Wakaona unyenyekevu. Makofi zaidi! Mgeni rasmi akamkumbatia!

Sikuvumilia. Nikachukua kipaza sauti. Nikawaambia ni mimi. Mimi nilifunua gunia, mimi nilipiga magoti juu yake, mimi nilikimbia bila kulirudisha, mimi sikuja jioni, na mimi nilimsingizia Zimamoto mbele ya kamati nzima. Nikaonyesha na mahali nilipochania suruali. Ukweli mtupu, wa kwanza kwenye mradi huu, na nikausema mbele ya mgeni rasmi!

Nikasikia mtu mmoja akisonya. Kisha Mwenyekiti akaninyang'anya kipaza sauti kwa upole, kama anavyonyang'anya mtoto mkasi, akaniambia Katibu, jamani, kwa leo tu mwache mwenzio afurahi. Nyuma mtu akasema huyu wivu utamwua. Mke wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Hakuna aliyeniamini. Hata mmoja.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya chai Mama ameniita barazani. Amesema yeye ananiamini. Amesema alijua tangu Ijumaa ile ile kwamba ni mimi. Sikuuliza alijuaje, ila itabidi nijue nani kamwambia. Amesema siku ile alinikasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu, akalia, akamaliza. Na jana alipomwona mwenzake amesimama pale na kidole chake kwenye jina, hasira iliyobaki ikaisha. Amenisamehe. Amenishika kichwa kama mwanawe, akasema limebaki jambo moja tu: niende kwa Zimamoto nikamwombe radhi, maana mzee wa watu amebeba mzigo wangu na hakuuliza hata unakwenda wapi.

Nilimshukuru.

Nimekuja chumbani nimefikiri. Mama alijua, akanyamaza wiki nzima. Zimamoto alijua hakukosa, naye akanyamaza. Wote wawili wana nishani. Wote wawili wamenisamehe, na hakuna aliyejiombea chochote kwangu, hata kibarua cha kubeba kiti. Watu wawili hawawezi kuwa wema kiasi hicho kwa wakati mmoja bila kuwa wamekaa mahali wakapanga. Kuna kitu kinaendelea katika mtaa huu, na kimeanzia nyumbani kwa Zimamoto.

Kesho nakwenda kumwomba radhi. Nitaomba polepole, kwa kituo, nikae hata saa mbili, ili nipate muda wa kutosha wa kuangalia huku na huku mle ndani.